Ziara ya Mtu Mmoja

Nilikwenda kuziba bati, si kutazama sanamu.
Bi Desderia Kihwele alinishikia ngazi
mpaka mvua ya Machi ilipokataa.
Akasema: Shuka, fundi, utateleza.
Akachomoa ufunguo kifuani, bado una joto.

Ghala la misheni, nyuma ya mashine ya kusaga.
Zamani, alisema, padre mmoja mwenye kikohozi
aliagiza kwao masanduku kumi na moja:
treni hadi Dodoma, lori hadi Iringa,
kisha mabega ya baba zetu mpaka huku juu.
Alitaka kuanzisha chuo cha uchongaji.
Aliwahi kufungua masanduku, akafa.

"Vua viatu. Si kwa utakatifu.
Nimepiga deki."

Basi tukaanza. Mgeni mmoja, kiongozi mmoja,
kandili moja yenye kioo kilichopasuka.
"Hizi ni za zama za Mwamko, Wazungu walipoamka."
Walikuwa wamelala muda gani?
"Padre alisema miaka elfu."
Hata sisi wa baridi hatulali hivyo.

"Na hizi si zenyewe. Zenyewe ni marumaru,
ziko Italia, watu wanapanga foleni.
Hizi ni plasta. Zimechukua sura
kama mtoto anavyochukua sura ya shangazi
asiyewahi kumwona."

Kijana mwenye kombeo, uchi wa mnyama.
Masista walimfunga kanga, panya wakaila.
"Tazama mkono. Umezidi mwili.
Mchongaji hakukosea: mkono huwa mkubwa
kabla ya kurusha, baadaye unarudi.
Uliza yeyote aliyefukuza ngedere shambani."
Nikautazama wangu, umejaa lami,
nikautia mfukoni.

Mpanda farasi asiye na farasi:
farasi hakuenea kwenye lori.
Amepanda hewa tangu kabla ya Uhuru,
magoti yamebana, macho mbele.
"Kila Ijumaa nampangusa mapaja.
Namwambia, wenzio walishafika."

Kichwa cha mzee, pua imebanduka.
"Pua iko ndani ya kopo la Kimbo, naitunza,
isije ikadaiwa kwangu siku ya kiyama."

Halafu akanyamaza, akainua kandili.

Mama amempakata mwanawe mfu.
Nguo yake imekunjamana kama mashuka asubuhi,
na mkono mmoja ameuacha wazi,
kama mtu anayeonyesha kwamba hana chenji.

"Wageni huhesabu miaka.
Mbona mama ni binti, mwana ana ndevu?
Padre alikuwa na jibu refu, la Kilatini.
Mimi, Leonsi wangu aliletwa kutoka Chunya,
mgodi ulimlalia. Miaka thelathini na miwili.
Wakamlaza hapa," akagusa magoti,
"akanirudisha siku ile niliyompata:
nina miaka kumi na saba,
sijui kichwa chake kinashikwaje."

Mvua ilikuwa imekatika, hatukusikia.
Maji yaliyobaki yalidondoka kutoka tundu langu
juu ya bega la mama yule, tone, tone,
plasta ikianza kulainika kama sabuni.

Pale Iringa mjini kuna Gangilonga, jiwe linalosema.
Nimelikalia mara nyingi nikila karanga,
halijanisemesha neno.
Labda sijawahi kulipangusa.

Nikapanda ngazi. Tundu la bati moja
nililiziba kwa mabati mawili.
Alipofungua pindo la khanga anilipe, nikasema bado,
nitarudi Ijumaa. Farasi sina,
ila kukoroga plasta najua,
pua ya mzee naweza kuirudisha.

Akazungusha ufunguo, akaurejesha kifuani.
"Pua iache," alisema.
"Siku ikirudi, nitakuwa nimemaliza."