Kutunga

Miaka kumi na minne nafundisha kitenzi hiki,
kidato cha tatu, Tabata, darasa lenye feni moja:
kutunga shairi, kutunga insha, kutunga uongo,
kutunga shanga,
jipu kutunga usaha. Hapo hucheka.
Fikirini wa dawati la nyuma huongeza: na mimba, mwalimu.
Ndiyo, Fikirini. Mimba nayo hutunga. Andika.

Sikuwaambia kwamba yangu ilitunga nje ya mji.

Ndivyo alivyosema Daktari Mwombeki, kule Mikocheni,
kalamu yake juu ya mchoro uliofifia kwa kunakiliwa:
"Huu ndio mji wa mimba. Yako haikufika mjini.
Ilitunga huku, ndani ya mrija."
Nikamwona mtu aliyekosa chumba,
akajenga bondeni Jangwani bila kibali,
akapanga viatu mlangoni kama mwenye hati,
hata siku walipokuja na rangi nyekundu kuchora X.
Nyumba ilivunjwa. Na kiwanja kikaondolewa pamoja nayo.

Mrija wa kushoto umebaki, lakini umeziba.
Mrija! Neno nililolijua kwa madafu.

Wifi yangu Skolastika hakulitamka lake,
aliligonga kwenye sufuria.
Usiku nikafungua kamusi.
Tasa: asiyezaa.
Na chini yake, tasa ya pili, haina undugu na ya kwanza:
bakuli la shaba la kunawia mikono.
Linapokea maji ya wageni wote
na hakuna anayeliuliza lina nini.

Kassian alipewa kikopo na ufunguo wa choo cha mwisho.
Alirudi amekishika kama mtu aliyebeba uji wa mgonjwa.
Majibu: mbegu chache, mwendo hafifu.
Alinyamaza hadi Ubungo, foleni imeganda,
ndipo akasema, "Hata mimi hapa, mwendo wangu hafifu,"
tukacheka mpaka kondakta wa basi la pembeni akatucheka.
Halafu: "Usimwambie dada."
Sikumwambia.
Sufuria iliendelea kugongwa upande wangu.

Sista Tumsifu aliposema "tutapandikiza"
nilinusa tope.
Mama yangu, Ifakara, maji magotini,
alipandikiza mpunga mgongo umepinda kama kishikio cha ndoo,
mche mmoja mmoja, bila kuangalia juu,
na mingine haikushika, akaipita.
Hakuwahi kuuliza mche uliokufa umekosea nini.

LUKU ikiisha, sindano za homoni hulala dukani kwa Bi Mgeni,
friji moja na soda.
Anaamini ni za kisukari.
Hajauliza kwa nini kisukari changu kina kalenda
wala kwa nini nafuata dozi saa tatu kamili, nimevaa kanga,
nikihesabu hatua.

Mayai tisa yalitolewa. Sita yamepevuka.
Yaliyotungishwa, manne.
Sista aliyasema kama karani wa kura, polepole.
Siku ya tano vilibaki viwili,
navyo vikabadili jina: viinitete.
Nililivunja neno nimelala miguu juu, dari nyeupe:
kiini, hilo najua.
Tete, changa, kama punje ya hindi ambayo ukucha unaingia.
Ki- ya mwanzo ni ya udogo, au ya ngeli tu?
Nimefundisha ngeli maisha yangu yote na sikuwa na hakika.

Kimoja kiliwekwa. Kimoja kiko kwenye barafu
nasi tunakilipia pango.

Leo ni siku ya kumi na tatu.
Nasahihisha. Swali la nne: tunga sentensi kwa kutumia kitenzi "tunga."
Fikirini, mwandiko wake wa kuku:
*Mwalimu ametunga.*

Kalamu nyekundu imesimama juu ya nukta yake.
Shamirisho iko wapi? Ametunga nini?
Nusu alama, kwa kawaida.

Kesho saa moja asubuhi watapima damu,
mradi isije yenyewe usiku huu.
Daftari lake nimeliweka chini kabisa ya rundo.