Daftari la Vipimo

Miaka thelathini na minane nilikanyaga cherehani
pale Aquitania, kando ya ziwa, harufu ya vitunguu ikipenya hadi kitandani.
Ukihesabu, miguu hii imekwenda mbali kuliko lori la Evelio,
ila haikuwahi kutoka chini ya meza.

Kisha ngazi ya kanisa, umande ulioganda alfajiri,
na goti la kushoto likalia ta!
Plasta wiki tisa. Ilipokatwa
nikaona paja la mtu mwingine,
jembamba, limepauka kama kitunguu kilichomenywa.
Daktari Yolima akalibonyeza kwa kidole kimoja:
"Msuli, Herminda, ni mgeni mwenye kisirani.
Usipomkaribisha kila mara, anafunga virago."
"Nimkaribishe na nini?"
"Baiskeli."

Nikacheka. Mie, mwenye miaka sitini na mitatu!
Lakini mwana wa mchinjaji alikuwa ameacha mashindano,
na baiskeli yake ilining'inia buchani kati ya mbavu za ng'ombe.
Tukapatana: sare tatu za shule na pazia moja.

Mshonaji haamini jicho, huamini utepe.
Nikafungua daftari la vipimo;
baada ya suruali ya karani wa mahakama,
kabla ya gauni la komunio la binti wa Custodia,
nikaandika: Mteja, mimi.
Paja la kulia, arobaini na sita.
Paja la kushoto, arobaini na moja.

Jumanne, Alhamisi, Jumamosi.
Mvua ikinyesha: Jumanne, Alhamisi, Jumamosi.
Wiki ya kwanza nilifika kwenye zizi la Evelio tu;
mbwa wake wakanifukuza, ndipo nikaigundua gia ya tatu.
Wiki ya pili tandiko lilinifundisha kula nimesimama.
Wiki ya sita, kilima.

Wasemao mwenda pole hajikwai
hawajakipanda kilima kile na baiskeli ya mtu mwingine.
Pole ina mpaka wake: ukiuvuka, unalala ubavu mtaroni
na madebe ya maziwa yanakupita yakigongana, kama yanakucheka.
Kule juu hewa huuzwa rejareja.
Unavuta kidogo, unalipa kwa kifua,
mapaja yanawaka kama mkaa uliopulizwa,
goti linanung'unika. Nalijibu:
kanyaga huku, kanyaga kule,
pindo hili, kisha pindo lile,
hakuna shati lililowahi kushonwa kwa kutazamwa.

Vijana wenye fulana za rangi wananipita konani:
"Kaza, bibi!"
na sina hata pumzi ya kuwatukana.

Nafika. Sijui nilivyofika.
Kibandani, Eudosia ananimiminia maji moto ya sukari guru,
anadumbukiza kipande cha jibini,
haulizi kitu.
Miguu inatetemeka chini ya meza
kama cherehani iliyoachwa ikizunguka.
Ziwa liko chini kule, la kijivu, dogo;
ningeweza kulikunja na kulitia mfukoni.

Julai: arobaini na mbili.
Septemba: arobaini na mbili. Nikautupa utepe uani.
Nikauokota kesho yake, umelowa.
Novemba: arobaini na nne na nusu;
na la kulia nalo, lisilotaka kupitwa, arobaini na saba.
Hayatalingana. Yolima anasema huenda yasilingane kamwe,
na baridi ikishuka goti hutabiri mvua kabla ya redio.

Jana suruali yangu ya kijivu iligoma pajani,
ile niliyojishonea mwenyewe kwa kipimo cha zamani.
Nikakaa dirishani na wembe,
nikafumua mshono wa kushoto
uzi kwa uzi,
bila haraka, nikipiga mluzi,
na gauni la karani wa posta, lililoahidiwa saa nne,
likangoja.