Kizingiti

Nives Komjanc hatazami minara.
Ngome iliyo kilimani ameiachia kadi za posta.
Yeye huanza na vitasa,
kwani ndiyo kazi yake, mwaka wa ishirini na tatu sasa:
kuchora kile ambacho mkono hukishika
kabla macho hayajaingia ndani.
Mimi kazi yangu kushika ncha ya tepu.

Gorizia, Novemba, saa moja asubuhi.
Maduka yamefungwa, mengine kwa leo, mengine kwa heri.
Kitasa cha shaba chenye umbo la mkia wa samaki
kimelika upande mmoja tu.
"Mwenye duka alikuwa mashoto," asema,
anaandika daftarini: mashoto.
Juu yetu roshani za enzi ya mfalme wa Vienna
zimejikunja chuma chake
kama nywele zilizofumuliwa jana usiku.
Chini ya rangi ya haradali, herufi za muuza ngozi
zachungulia kwa lugha tatu
zikishindana, kwa adabu, ipi ibanduke mwisho.

Kisha mji unakatika.
Si kwa mto, si kwa bonde:
unakatika uwanjani, mbele ya stesheni,
pale uliposimama waya hadi juzi juzi.
Sasa pana maua ya vyungu na bamba la duara,
watoto wanaruka juu yake,
mguu Italia, mguu Slovenia,
wakingoja jambo litokee.
Halitokei.
Paka wa kijivu anavuka. Hana haraka, hana pasi.

Walioupaka walikuja na ndoo ya chokaa,
Septemba, mwaka wa arobaini na saba.
Wakapaka njia, wakapaka zizi,
wakapaka hata makaburini,
marehemu kichwa huku, miguu kule,
wakapaka na kupaka
mpaka mpaka ukawa mpaka.

Ng'ambo, mji uliozaliwa mtu mzima.
Nova Gorica: maghorofa juu ya udongo wa mfinyanzi,
yamesimama kama watu walioitwa mkutanoni
kisha mwenyekiti asitokee.
Aliosoma nao huyacheka.
Nives hacheki. Anapima roshani kwa jicho:
kina cha kiti kimoja, meza moja, na magoti.
"Aliyechora hii alijua mtu atataka kumenya viazi nje."
Na kweli, ghorofa ya nne, bwana mmoja na beseni lake
anatuinamia, kisu mkononi:
"Lifti imekufa tangu Jumatano!
Andikeni na hilo!"
Nives anaandika na hilo.

Tunarudi kwa njia ya reli.
Nyumba ya bibi yake ina wapangaji wasiomjua.
Mlango uliotazama mashariki ulizibwa kwa amri:
matofali themanini na nane, ameyahesabu tangu utoto,
saruji mbovu, ya haraka, ya mtu anayechungwa.
Lakini hakuna aliyekumbuka kung'oa kizingiti.
Kipo, jiwe jeupe la Karst,
limebonyea katikati mithili ya kijiko
kwa visigino vya waliofuata maziwa ng'ambo
kabla ng'ambo haijawa ng'ambo.

Anapiga magoti. Karatasi nyembamba, penseli ya mkaa.
Anasugua, anasugua,
hadi jiwe linapanda karatasini: doa jeusi,
na katikati, weupe wa miguu.
Nauliza kama tupime kina. Hanijibu.
Napima mwenyewe: milimita kumi na nne.

Benki moja ya Treviso imemwagiza kitasa,
chepesi, kisichoshika alama ya vidole.
Huenda watakipata hivyo.
Huenda pia pale pa dole gumba
pakawa na kibonyeo ambacho hakuna mteja atakiona,
ila mkono utatulia hapo, bila kujua umetulizwa na nani.

Anakunja karatasi, anajipangusa magoti.
Kabla hatujaondoka anagonga matofali mara mbili,
kama mtu aliyesahau funguo.

Ndani, mbwa wa wapangaji
anakimbilia ukuta.