Moto wa Kuazima

Alikuja Uyole ndani ya ndoo ya mchele wa Kyela,
mchele umekwisha, harufu imebaki,
kifuniko kimetobolewa kwa msumari:
nyoka wa nyumba, kahawia, hana sumu,
mwembamba kama mkanda wa kaptura ya shule.
Ambwene akamwita hivyo hivyo, Mkanda.
Ambwene naye alishuka basi lile lile,
miaka kumi, sweta la kuazima, mikono imemeza vidole.
Tulikuwa tumetoka kumzika dada yangu. Mimi ndiye mjomba.

Nyoka nikamtengenezea sanduku la kioo,
nikaning'iniza balbu ya wati arobaini.
Nikajiona nimemaliza.

Julai ya Uyole humwelezi mtu wa Kyela akaelewa.
Asubuhi sakitu imelala juu ya majani ya viazi
kama chumvi iliyomwagwa na mtu mwenye hasira.

Jumamosi nikanasa panya ghalani,
amenona kwa mahindi yangu ya msimu mzima.
Nikasema, leo Mkanda ale ashibe.
"Mjomba, huyo ni mkubwa."
Nikasema, wewe nawe, shibe ya mwenzako inakuuma?
Mkanda akafungua taya, akafungua tena,
akammeza polepole kama mtu anayevaa soksi iliyolowa.
Uvimbe ukabaki katikati, fundo kwenye kamba.

Jioni wakaja wanajumuiya, kumi na wawili na biblia zao.
Nikamtoa Mkanda na tumbo lake, nikamzungusha mkono kwa mkono,
kina mama wakapiga yowe, wakacheka,
nikajisikia mwanamume.
Kisha nikamwita na mtoto:
"Ambwene, waeleze siku ile mama alivyozidiwa."
Akaeleza. Amesimama. Sahani ya ugali mkononi.

Saa tatu umeme ukakatika.
Balbu ikafa bila kuaga.
Mimi nilikuwa na mablanketi mawili na mke.

Alfajiri iliyoniamsha ni harufu.
Panya mzima kwenye kona ya kioo,
upande mmoja hana manyoya, ameanza kuoza,
na Mkanda kando, mdomo nusu wazi,
ute unaning'inia kama uzi.

Dokta Mwaipaja ni wa ng'ombe, gambuti hadi magotini.
Akamtazama Mkanda, akanitazama mimi zaidi.
"Ng'ombe akicheua, mshukuru Mungu.
Huyu akicheua, jiulize.
Huyu hana moto wake. Moto wake ni wa kuazima:
jua, jiwe, balbu yako.
Ukimnyima, chakula kinaozea humo humo,
hana la kufanya ila kukirudisha.
Ulimlisha kitu gani? Kikubwa vipi?
Ulimshika alipokwisha kula?"
Nikajibu moja moja, kama niko kwa hakimu.
"Kikipanda, kinapanda na tindikali, kinamchuna koo.
Usimlishe haraka ukadhani ni huruma.
Wiki mbili. Maji tu. Joto. Mikono yako mfukoni.
Halafu kapanya kadogo, unene usiomzidi.
Akirudia, niletee kinyesi, huenda ana minyoo."
Hela hakuchukua. Bei ya nyoka, alisema,
haimo kwenye kitabu chake.

Nikarudi nikajaza maji ya moto kwenye chupa,
nikaivika taulo, nikailaza upande mmoja wa sanduku
ili achague mwenyewe kusogea au kukaa mbali.
Nikienda kumwaga yule panya nyuma ya choo
nikakuta mahali pengine pamefukuliwa, pamefukiwa,
ugali wa jana umechomoza kwenye mchanga,
na si wa jana tu.

Ambwene alikuwa jikoni, mgongo ukutani, karibu na mafiga.
Nilikuwa na la kusema. Sikulisema.
Nikaketi upande wa pili wa moto.
Tusekile akanipa chai, nikampa mtoto kikombe.
Hakunywa. Alikishika tu kwa mikono miwili,
na vidole, kimoja kimoja, vikatoka kwenye sweta.

Siku ya kumi na tano nilikuwa nimeacha kuhesabu.
Ambwene hakuacha.
Alikuja shambani mbio, akasimama kando ya tuta.
"Amekula. Kadogo," akanionyesha kwa kidole gumba.
"Mjomba, lakini usimwite mtu."