Waya wa Kurudi

Pikipiki yangu ina umri wa ndoa yangu,
na kama ndoa yangu, haipendi kuulizwa neno kabla haijapoa.

Ilianza Jumanne, taa za Tazara.
Nikakanyaga breki, indiketa ya kushoto ikakonyeza.
Nikapiga honi, taa ya mbele ikasinzia
kama mlinzi aliyesikia bosi amesafiri.
Nikivuta mafuta inazinduka, inang'aa, inajitia kazi;
nikiachia, inakuwa njano,
kisha rangi ya chai,
kisha hakuna.

Usiku ule nilirudi Vingunguti nyuma ya lori la mbao,
nikiazima taa zake mbili nyekundu.
Likakata kushoto, njia ya Kiwalani,
likaniachia harufu ya msonobari na giza langu.

Kijiweni kila mtu ni daktari.
Shukuru akasema betri. Nikanunua betri.
Ngwali akasema balbu, hizi za siku hizi ni karatasi. Nikanunua balbu,
na ya akiba.
Kibwana, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli,
akaizunguka mara mbili, akashika kiuno:
"Hii imetupiwa jicho."
Huyo angalau hakunituma dukani.

Mwatano binti Kondo ana benchi Buguruni,
chini ya ngazi za duka la vioo.
Testa yake ni balbu ya baiskeli na waya mbili.
Hakuuliza mwaka wa chombo, hakuuliza nimetumia kiasi gani.
Aliuliza: "Uliipaka rangi lini?"

Nikacheka. Nimeleta ugonjwa wa umeme,
ananiuliza habari za wanja.

Akamenya tepu nyeusi, tabaka kwa tabaka,
na mafundi wote waliopita wakatoka hadharani:
huyu aliunga kwa waya wa simu,
huyu kwa waya wa spika,
huyu alisokota kwa meno, alama bado zipo.
Na mahali pa fyuzi,
karatasi ya sigara, imekunjwa mara nne.
"Nani huyu?"
"Mimi," nikasema. "Usiku. Pugu. Mvua."
"Mvua ya mwaka gani?"
Nikatazama vioo.

"Kwenda, kila mtu anakujua," alisema,
ncha ya testa ikitembea juu ya fremu,
haiwaki, haiwaki, haiwaki.
"Wote mmehangaika na kwenda.
Umeme ukitoka betri, lazima urudi betri.
Ukikuta mlango wa kwake umefungwa
unabisha hodi kwa jirani.
Ndiyo maana breki yako inajibiwa na indiketa."

Chini ya tangi, boliti moja, spana namba kumi.
Juu yake kijani kibichi kinachometa,
rangi niliyoipaka Juni, harusi ya binti yangu,
mkono wa kwanza, mkono wa pili, kila kona,
nisije nikamwaibisha mbele ya wakwe.
Niliipaka hadi nikaizibia njia ya nyumbani.

Alikunguta msasa kwenye goti, akasugua.
Kijani kikadondoka unga unga juu ya ndala zake.
Chuma kikachungulia,
cheupe, kama jino la mtoto.
Akakaza. Akasema, "Washa."

Alinidai elfu tatu. Nilitoa tano,
akanirudishia mbili, na ile karatasi ya sigara.

Nimefika mtaani, umeme wa serikali umekatika.
Mashavu yuko kwenye karai lake la mihogo,
anapapasa sarafu kwa vidole.
Nikasimamisha, taa ikampiga yeye na ukuta wa nyuma,
kivuli chake kikapanda hadi kwenye bati.
Nikanyoosha mkono kwenye swichi.

"Wewe! Usizime kwanza," alisema,
"huyu mtoto nimempa mia tano au elfu?"

Nikavuta mafuta kidogo.
Nikaachia.
Haikusinzia.