Makato

Mwezi wa kumi, Newala, mnada wa kwanza keshokutwa,
ukungu haujaachia bati la ofisi ya chama,
nami nimefunga seva katika chumba cha mizani:
diski sita, feni moja,
kitambaa cha kufutia vumbi la magunia.

Bwana Chinguile, mweka hazina, akavaa miwani,
akapitisha kidole kwenye vibandiko:
nne, nne, nne, nne, nne,
na ile ya tatu niliyoing'oa kwenye mashine ya zamani
kwa sababu yeye mwenyewe alisema tubane matumizi.
"Terabaiti ishirini na tatu," akaandika.
Halafu akageukia kioo.
Kioo kinasema kumi na tatu nukta sita.

Akanyamaza.
Huku kwetu mtu hanyamazi hivyo
ila gunia limeingia ghalani na kilo mia
likatoka na tisini na tatu.

"Tisa na ushei," akasema. "Nani kala?"

Sikumlaumu. Nimekulia Mnyambe,
nimemwona mama akipanga makato kwa punje za mbaazi:
ushuru, usafiri, kamba, unyaufu,
na hilo neno unyaufu likikausha korosho kuliko jua.

Nikamwambia, keti. Tuanze na yule mdogo.
Muuzaji wa diski anapanda ngazi kwa elfu,
mashine inapanda kwa elfu na ishirini na nne.
Pishi yake si pishi yetu.
Kumi na tano zake, kwetu ni kumi na tatu na kitu.

"Na hizo kumi na tano zimetoka wapi?"

Kwenye ubahili wetu, Bwana Chinguile.
Diski kubwa zinatembea mwendo wa ndogo;
kila moja imeacha robo yake tupu,
tano zimelala bure.

"Zimebaki tatu."

Hizo hazikuliwa. Somoe, nipe daftari lako.
Ghala A, mia nne kumi na mbili.
Ghala B, mia tatu themanini na nane.
Ghala C, mia tano.
Jumla, elfu moja mia tatu.
Nikafunika B kwa dole gumba. Mchwa wamekula hapa, ilikuwa ngapi?
Somoe hakunyanyua hata kalamu:
"Mia tatu themanini na nane."

Ile jumla haina korosho hata moja ndani yake.
Lakini futa mstari wowote, utaurudisha.
Diski zinagawana kuitunza,
kila moja imeshika kipande cha habari za wenzake.

Somoe akataka kanuni, ya kukariri.
Nikamwandikia nyuma ya stakabadhi iliyoharibika:

*Hesabu diski pamoja, chagua iliyo ndogo,*
*Idadi punguza moja, usione ni mzigo,*
*Kisha zidisha kwa hoja, kwa ule wake udogo,*
*Jibu ndilo ghala lako, mengine yape kisogo.*

Bwana Chinguile alisoma, akakunja, akarudisha.
Uso wake ulikuwa wa mtu anayesaini huku bado anahesabu.

Usiku wa mnada ile ndogo ikafa.
Ilipiga mlio mwembamba, kama mbu mwenye hasira.
Nikachomoa, nikachomeka mpya ya nne,
na hadi alfajiri zile tano zilikuwa zikitoa, zikijumlisha, zikirudisha
jina la kila mkulima, kilo zake, akaunti yake,
na asubuhi foleni haikujua lolote.

Yeye alijua. Alisimama mlangoni, chai mkononi, haijanywewa.
"Zikifa mbili?"

Nikamwambia kweli. Tumekwisha.

Akaitazama seva muda mrefu,
mtu aliyepinga kila kato tangu nimjue,
hata kato la kamba.
"Toa mbili," akasema.

Somoe akaitafuta stakabadhi ile,
akafuta *moja*, akaandika *mbili*.
Mizani ilitimia.
Kina kilikatika.
Tukaacha hivyo hivyo, tukaibandika ukutani.