Tripu ya Tisa

Mvua ikinyesha Uru, sisi huku Msaranga
hupata habari baada ya saa mbili:
mto unashuka na mabua, ndala, kuku wa watu,
na ukifika kwenye kona yangu unapunguza mwendo,
unauma.

Masika ya kwanza ulichukua magimbi.
Ya pili, migomba minne na choo kizima, mlango umefungwa.
Ya tatu nikapima kwa miguu: hatua kumi na moja
za kiwanja nilichokilipia kwa miaka sita ya maandazi.
Ardhi yangu imeshuka Mabogini, inaotesha mpunga wa wengine.

Bwana wa bonde alikuja na futi yake,
akachora alama nyekundu ukutani: mita sitini, mama.
Mita sitini kutoka wapi?
Mto ndio unaonifuata, mimi sijasogea.
Alama ile mvua imeifuta. Mto haujui kusoma.

Basi nikamtafuta Senzota wa fuso.
Dar, alisema huku anatafuna mua,
kifusi wanakimwaga baharini, na bahari inarudi nyuma
kama ng'ombe aliyeonyeshwa fimbo,
kesho yake watu wanaegesha magari juu ya migongo ya samaki.
Ya samaki sikuyaamini.
Alitaka elfu thelathini na tano kwa tripu,
tukamalizana kwa thelathini na maandazi manne.

Siku zile walikuwa wanabomoa Kiusa, wanataka ghorofa.
Vikaja vyumba vya watu vimelala chali:
zege, terazo, nusu ya sinki,
ukuta wa kijani uliokuwa wa jikoni,
masizi bado yanaonyesha jiko lilipokaa.
Wanangu walichomoa nondo, wakaziuza kwa kilo.
Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Mimi naziba mto kwa kuta za watu,
na nyufa zao humo humo.

Tripu ya tisa ilikuwa Jumamosi.
Kona ya ukuta, kubwa kama begi la shule,
na ndani ya lipu kizibo cha soda,
meno yake yanatazama nje.
Nikakaa chini.

Baba yangu Elinami alikuwa fundi uashi.
Kila nyumba aliyoimaliza, kona ya mwisho, lipu ikiwa mbichi,
alibonyeza kizibo kwa dole gumba.
Wenye nyumba wakikasirika, aliwaambia ni dawa ya wezi.
Alijenga ya karani, ya mwenye duka la mafuta, ya mchungaji.
Mama alimwuliza: na yetu utaitia kizibo lini?
Yetu ilikuwa ya udongo mpaka siku tuliyomzika.
Malipo aliyanywa,
kizibo baada ya kizibo.

Kile kipande sikukiweka kabatini.
Nilikivingirisha mpaka chini kabisa, pale maji yanapogonga,
nikakipangia mawe ubavuni.
Haya, baba. Umechelewa miaka ishirini na nane,
lakini umefika.
Shika hapo.

Mwezi wa nne mto ukaja.
Ukagonga, ukanuna, ukageuka.
Usiku nikasikia udongo ukianguka ng'ambo, mzito,
kama mtu anayeshusha gunia bila wa kumpokea.
Asubuhi Nakiete alikuwa amesimama kule kwake,
kando ya mihogo inayoning'inia, mizizi nje.
Hakunitukana. Nilitamani anitukane.
Alikusanya viganja mdomoni, akapaza sauti juu ya maji:
nipe namba ya yule wa fuso.

Nikamsomea, tarakimu moja moja,
na kila moja mto uliimeza nusu,
nikarudia.